Mwezi Umeonekana Wapi? Barua kwa Zuhura Anayekwenda Gazetini

Zuhura mwanangu,

Barua hii ishike kwa mikono miwili, kwani si kila mtu hupata bahati ya kuandikiwa na mtu mkubwa kama mimi. Ukiulizwa huko Mombasa ni nani ameuendesha mji wa Malindi miaka yote hii, usiwataje wakubwa wa serikali wala matajiri wa mahoteli. Nitaje mimi, Athumani wa Ubao, mjomba wako, na kipande changu cha chaki. Nisipoandika mimi habari ya gazeti ubaoni, mtu hapa hajui kama bei ya korosho imepanda, kama feri ya Kilifi imeharibika, wala kama dunia ingali inazunguka. Kuna Mtaliano mmoja alitaka kuununua ubao wangu aende nao kwao autundike sebuleni. Nikamwambia, bwana, ukiuchukua ubao huu mji utalala giza. Akalia. Wallahi alilia, mashahidi wangu wote wamehamia Lamu.

Salamu sikuletei. Tumeachana mkekani hivi punde, na mkono wako bado wanuka samaki niliyemnunua mimi. Na ya kuchemsha maji, ya kutopokea zawadi kwa usiowajua, ya kumpitia shangazi yako Kisauni kabla hujafika kokote, mamako ameyasema tangu juzi hata paka ameyahifadhi. Mimi nayapita. Nataka kusema nawe juu ya kitu kimoja tu, ambacho katika nyumba hii hakuna akijuaye ila mimi: kichwa cha habari.

Najua unachokiendea. Yule mhariri wa Mombasa alikwambia, nawe ukatusimulia ukicheka: "Binti, makala yako nimeipenda, lakini kichwa chake ni cha mtu anayeuza dawa ya mende sokoni. Nenda kwenu, urudi Jumatatu na kingine. Kikinishika, una meza hapa. Kisiponishika, tutaagana kwa wema." Ulicheka, lakini nilikuona ukiikunja ncha ya leso yako mpaka ikawa kama utambi. Meza ile unaitaka. Umeitaka tangu ulipokuwa ukikaa chini ya meza yangu ya magazeti pale stendi, unanipa chaki, unaniuliza, "Mjomba, hili neno lamaanisha nini?" nami nakujibu hata yale nisiyoyajua.

Basi kile kichwa cha dawa ya mende, mwanangu, ulikitoa kwangu. HUTAAMINI YALIYOTOKEA JILORE!!! Alama za mshangao tatu, zimesimama kama miti ya boriti. Ni mwandiko wako, lakini sauti ni yangu. Na leo baada ya chakula ukatusomea kipya: MAAJABU MAKUBWA JILORE, SOMA UJIONEE! Mamako akapiga kigelegele. Majirani wakasema, huyu ni Athumani mtupu. Nami nikatabasamu, nikanywa kahawa yangu, moyoni nikasema, tumekwisha.

Kwa hiyo nisikilize. Mimi ni muongo, mji mzima wajua, na uongo wangu hauna ubaya kwa sababu kila mtu huupunguzia nusu kabla hajaumeza. Lakini haya ya hapa chini usiyapunguze.

Ubao wangu ni mdogo. Hilo ndilo lililonifundisha kazi. Maneno sita, saba yakibanana, basi. Na wasomaji wangu hawakai. Unamkumbuka Karisa, yule muuza mikate aliyekuwa akitokea Kisumu Ndogo na kasha limefungwa nyuma ya baiskeli, baiskeli haina breki? Karisa alikuwa hasimami, hata akitaka. Alikuwa akipita mbele ya ubao wangu kama jiwe lililorushwa, na hapo ndipo nilipokuwa nikijua kama nimeandika au nimechafua ubao. Siku moja niliandika HABARI MUHIMU KUHUSU KOROSHO. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikajipenda. Karisa akapita.

"Korosho imefanyaje?" akapiga kelele.

"Nunua gazeti!"

"Nitasimamaje, we Athumani?" Akapotea kwenye kona.

Nikakaa nikafikiri. Mtu ana mikorosho yake huko kwao, mimi ninayo habari yake, naye amepita hana kitu. Siku ya pili nikaandika BEI YA KOROSHO YAPANDA. Nilimwona akisoma kwa mbali. Alishusha miguu yote miwili chini, makubadhi yakachanika, vumbi likatimka, kasha likafunguka, mikate ikaviringika mpaka mlangoni kwa kinyozi. Alisimama! Karisa, ambaye hata mvua haikumsimamisha! Akanunua gazeti, kisha akanidai nimlipe mikate.

Umeona tofauti? Kile cha kwanza kilisema kuna kitu. Cha pili kilisema kitu chenyewe. Mtu hatoki njiani kwa kuambiwa kuna kitu. Duniani vitu viko vingi. Mtu husimama akisikia kile kinachomgusa kimefanya nini. Kimepanda, kimeanguka, kimefika, kimefungwa. Tafuta neno lenye miguu, uliweke mahali linapoonekana, kisha uyafukuze mengine. Neno kama "kuhusu" ni la watu wanaoandika huku wamekaa kwenye kiti chenye mto.

Sasa nije kwenye hutaamini. Ilikuwa enzi za ujana wangu wa ubao. Gazeti lilileta habari ya ng'ombe wa Mambrui aliyezaa ndama wawili kwa mpigo. Nikaandika HUTAAMINI YALIYOTOKEA MAMBRUI! Lo! Watu walinipindulia meza. Magazeti yaliisha, wengine wakasomeana mabegani. Wakaikuta habari ya ng'ombe, wakacheka, wakasema Athumani huyu ana mambo. Nikajiona mfalme. Juma lililofuata, mtu wa Gede alipoteza baiskeli akaipata. Nikaandika JAMBO LA AJABU LAMKUTA MTU WA GEDE! Wakaja tena, lakini hawakucheka, walikunja magazeti wakaondoka. Mara ya tatu hata mbuzi wa pale stendi hawakugeuka, na wale, wajua, husoma kila karatasi iliyobandikwa kisha wakaila.

Utamu wa kumficha mtu jambo ili aje ni kama wa sukari guru. Wa kwanza mtamu, wa pili wachosha, wa tatu meno yauma. Na mtu uliyemwita bure mara mbili, siku una habari ya kweli ya moto, hatageuka.

Lakini haya yote ni utani mbele ya lile jambo la mwezi. Wewe ulikuwa mdogo, uliona watu wamejaa pale stendi ukadhani ni arusi.

Ilikuwa Ramadhani, siku ya ishirini na tisa. Mji umekauka midomo. Kila mtu anahesabu: usiku huu mwezi ukiandama, kesho Idi, na usipoandama, tunakamilisha thelathini. Magazeti hufika na basi la Mombasa, na siku ile feri ya Kilifi ilichelewa, basi likafika watu wakitoka kuswali Adhuhuri. Nikafungua mzigo. Kichwa cha habari, ukurasa wa mbele, kilikuwa kirefu, kinasema mwezi umeonekana jana usiku katika nchi fulani ya mbali huko Arabuni, na kwamba watu wa huko wanasherehekea Idi. Kirefu mno kwa ubao wangu. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikianza na zile nzuri za kunenepesha: MWEZI UMEONEKANA. Hapo ubao ukajaa. Ningeweza kufuta nikapunguza herufi, jina la nchi likaingia. Nikatazama, nikaona vile ilivyopendeza. Nikasema, potelea mbali, wataisoma ndani.

Mwanangu, hawakuisoma ndani. Kwanza hawakununua. Nani anunue gazeti siku ya Idi? Walisoma ubao wakakimbia! Kama mwezi uliandama jana, basi leo ni Idi, na Idi haifungwi. Habari ikaingia mtaa wa Barani kwa mlango mmoja ikatoka kwa mwingine. Fundi wa nguo aliyekuwa na baraza jirani yangu, aliyeahidi kanzu za nusu ya mji "usiku wa Idi inshallah", alizingirwa na watu papo hapo.

"Fundi, kanzu yangu!"

"Mbona leo? Si tumesema Idi?"

"Leo ndiyo Idi! Soma ubao!"

"Haina mikono bado, bwana!"

"Nipe hivyo hivyo!"

Na mtu aliondoka na kanzu isiyo mikono, akitembea kama anakwenda kuoga. Wanawake wakaanza kukuna nazi. Watoto wakaomba pesa za Idi. Mimi nimesimama kando ya magazeti yangu yasiyonunuliwa, sielewi kwa nini mji umepata wazimu, mpaka mwalimu wa madrasa alipokuja, akasoma ubao, akachukua gazeti, akasoma, akanitazama kwa upole uliozidi kofi.

"Athumani. Mwezi umeonekana wapi?"

"Umeonekana, maalim."

"Wapi?"

"Mbinguni, maalim. Mwezi huonekana wapi tena?"

Hakucheka. Waliomzunguka ndio waliocheka, kisha wakakoma kucheka walipofahamu. Jana usiku huku kwetu mwezi haukuonekana, na Malindi haikuwa imeamua kufuata wengine. Leo ilikuwa bado ni Ramadhani. Maalim akatuma watu mitaani kurudisha habari. Wengi walikuwa bado hawajatia kitu mdomoni, maana mtu wa pwani hata akiambiwa ni Idi, kwanza huuliza kuna nini jikoni. Lakini si wote.

Bi Rukia wa Barani alikuja mwenyewe baada ya Alasiri. Unamkumbuka, yule bibi mwembamba aliyekuwa akikupa visheti, buibui lake limekwisha rangi kwa kufuliwa. Hajui kusoma. Mjukuu wake alimwingilia akipiga kelele, bibi, Idi, Idi, imeandikwa! Naye kwa kuogopa kufunga siku isiyofungwa akachukua tende akaila, akashushia maji. Akasimama mbele ya ubao wangu akaunyooshea kidole.

"Haya ndiyo yaliyoandikwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Yanasema nini?"

Nikamsomea. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na wajua ninavyopenda kusoma kwa sauti.

"Athumani," akasema, "nimefunga nikiwa na homa. Nimefunga mwaka wa njaa, hata futari sina. Nimefunga siku niliyomzika mume wangu. Leo nimefunguzwa na chaki."

Hakutukana. Angenitukana ningepata pa kujitetea, mimi kwa maneno hunishindi. Nikamwambia, "Bibi, nitakulipia."

"Saumu hailipiwi na mwingine, mjinga we. Nitailipa mwenyewe baada ya Idi."

"Basi siku utakayoilipa, nami nitafunga."

Akaniangalia. "Wewe? Wewe unayefuturu kabla muadhini hajakohoa?"

Watu wakaangua kicheko, naye mwenyewe akajifunika mdomo kwa buibui, mabega yakamtikisika. Hapo nikajua nimesamehewa robo. Robo tatu zilizobaki nilizipata baada ya Idi, siku aliyolipa, mji mzima unakula na unakunywa, mimi nimekaa mezani kwangu midomo imenikauka, watu wanapita wananionyesha embe. Magharibi nikaenda kwake. Akanifuturisha kwa uji wa pilipili manga na mikate ya mofa. Sijawahi kula kwa raha namna ile, na mimi nimekula na mabalozi.

Toka siku ile mji ukanipa adhabu. Lolote nikiandika, mtu atapita tu apige kelele, "Wapi?" BEI YA SUKARI YAPUNGUA. "Wapi, Athumani?" TIMU YETU YASHINDA. "Wapi?" Hata Karisa, bila breki, hupata nafasi ya kulitamka. Nilikasirika mwezi mzima. Kisha nikagundua kwamba kila asubuhi nikishika chaki, kabla sijaandika, nalisikia lile neno sikioni, kwa sauti ya Bi Rukia, nami najibu. Na watu wakarudi. Si kwa wingi wa siku ya ng'ombe wa Mambrui. Walirudi polepole, mmoja mmoja, lakini walirudi wakakaa. Siku ya mafuriko ya mto Sabaki, nilipoandika DARAJA LA SABAKI HALIPITIKI LEO, hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Waligeuza mizigo yao wakarudi nyumbani. Hiyo ndiyo siku niliyokuwa mtu mkubwa, Zuhura. Hizo nyingine zote nimekusimulia kwa raha zangu.

Kichwa cha habari ni ahadi. Kuna watu watakaosoma hicho tu, waende zao, waishi nacho. Bi Rukia hatafungua ukurasa wa pili. Atakula tende. Kwa hiyo yaliyo juu yawe ya kweli peke yake, hata kama chini yake mtu atamwaga chai, mengine yasionekane tena.

Sasa tuje kwenye makala yako. Kina mama wa Jilore wamechoka kuteka maji Sabaki na kuwakimbia mamba kila siku, wamechukua majembe, wamechimba kisima wenyewe, waume zao wakiwacheka mpaka maji yalipotoka. Ndivyo, au sivyo? Hayo ni maajabu, sikatai. Lakini ukimwambia mtu "maajabu" umemwambia jinsi ya kushangaa, hukumpa cha kushangaa. Mpe kisima, atashangaa mwenyewe.

Nilikaa hapa na kandili nikajaribu kukutungia. Cha kwanza kilikuja kama malaika: MAMBA WA SABAKI WABAKI NA NJAA. Nilicheka peke yangu mpaka mamako akauliza chumbani kama nimeingiwa na shetani. Ni kizuri, kubali ni kizuri! Mtu wa Mombasa atasimama. Lakini kadiri nilivyokitazama, nikaona nimewapa mamba kiti cha mbele, na wale kina mama walioota malengelenge viganjani nimewaacha wamesimama nyuma. Nikakifuta. Imeniuma, sikufichi. Kufuta neno zuri ni kama kumkataza mtoto mzuri asiende arusini.

Halafu nikaandika KINA MAMA WA JILORE WAJICHIMBIA KISIMA. Kimekaa tu hapo, hakichezi ngoma. Lakini nimekipigia kelele ya "wapi" kikajibu. Nikauliza nani, kikajibu. Nikauliza wamefanya nini, kikajibu, na jembe liko mkononi. Karisa atakisoma kabla ya kona. Na mama mmoja wa Jilore akisomewa na mjukuu wake, atasema, ndiyo, sisi hao.

Usikichukue. Hiki ni changu, nawe unakwenda kuomba meza yako. Huko njiani, mtakaposubiri feri Kilifi, na kusubiri mtasubiri, toa kalamu uandike chako. Kisome kwa sauti. Jirani yako kwenye kiti akigeuka kukuuliza, "Jilore ya wapi hiyo, dada? Na maji yametoka?" basi unacho. Akigeuka kukuuliza "Kumetokea nini?" futa, anza tena. Na kama yule mhariri atakikataa, mwanangu, urudi kwa basi la mchana, ubao upo, mimi nazeeka, na hakuna aibu. Lakini sidhani. Nasema sidhani kwa sababu ya jambo ambalo sikutaka kuliandika, na mamako asilijue.

Unajua mimi husema kwamba magazeti yote nimeyasoma, kurasa zote, hata matangazo ya mnada. Si kweli. Niliacha shule darasa la tatu, na zile herufi ndogo huniruka kama siafu. Husoma kichwa, hutazama picha, mengine huyatunga mwenyewe barazani, na watu hunisifu kwa elimu. Makala yako nilianza kuisoma juzi kwa kidole, nikiwa nimejifungia chooni ili mtu asinione midomo ikitembea. Leo nimefika pale ndoo ya kwanza inapopanda na tope lake, na yule mama anakunywa kabla halijatulia, anasema ni tamu. Nikaenda mpaka nukta ya mwisho. Katika habari zote nilizouza maishani mwangu, Zuhura, yako ndiyo ya kwanza niliyoimaliza.

Mjomba wako,
Athumani